Mama Pindo na Samaki wa Karatasi

Kuna watu Mungu amewapa mikono isiyojua kutulia, na Mama Pindo alikuwa mbele kabisa kwenye foleni ya kugawiwa. Kabla hujamaliza kumsalimia, ameshakuokota uzi begani. Ukosi wako ukikaa upande, atauweka sawa huku anakuuliza habari za nyumbani. Jina la Pindo alipewa na wateja, maana alishona sare za shule tangu akiwa msichana, na pindo lake halikufumuka hata mtoto apande ukuta.

Ila katika kuwapima watoto mabega na viuno miaka yote hiyo, aliwapenda wao kuliko nguo zao. Wanawe walipokua, akairudia mitihani aliyoikimbia usichanani, akafaulu, akajiunga na chuo cha ualimu wa madarasa ya awali. Darasani alikaa na mabinti waliompa shikamoo kabla ya kumwazima kalamu. Hakujali. Alisoma jinsi akili ya mtoto inavyokua, na kwa nini mtoto huchora kichwa chenye miguu akasahau tumbo. Mitihani ya kuandika aliipita vizuri tu. Kilichomtoa jasho ni mafunzo kwa vitendo.

Kila mwanachuo alipelekwa shule ya jirani kufundisha, na mkufunzi akaja kumkagua. Ukifeli unapewa nafasi ya pili. Ukifeli na hiyo, unafunga virago.

Mama Pindo aliwapa watoto kazi ya kukata samaki wa karatasi. Jamani, samaki gani wale! Mmoja mraba, mwingine hana mbele wala nyuma, mwingine amekatika vipande viwili na mwenyewe anaapa kwamba ni mama na mwanawe. Watoto walipokwenda nyumbani, Mama Pindo akabaki peke yake na ukuta ule, na mkasi uko mezani. Akajiambia atanyoosha mmoja tu. Lakini mkono wa fundi ukishaonja mkasi hausikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Asubuhi ukutani walikuwepo samaki wapya, wazuri ajabu, mapezi sawasawa, wote wa mkono mmoja.

Mkufunzi alikuwa mama mwembamba ambaye wanachuo walimwita Mizani, kwa kuwa hakuzidisha wala hakupunguza. Aliingia, akautazama ukuta, kisha akamwita binti mdogo aliyeng'oka meno ya mbele, ambaye wenzake walimwita Pengo.

"Samaki wako ni yupi, mwanangu?"

Pengo akaanzia juu, akashuka chini, akarudi juu. Akagusa mmoja, akatoa kidole. Mwisho uso ukakunjamana.

"Wangu hayupo," akasema, na kilio kikafuata.

Mama Pindo alisikia maumivu kama ya sindano chini ya ukucha. Samaki wa Pengo alimjua. Angeweza kumwonyesha, lakini angemwonyesha nini, na yule wa mtoto ameshaishia kwenye pipa la taka?

"Mama, watoto unawapenda, nimeona," Mizani alimwambia mlangoni. "Lakini leo umewafundisha kwamba kazi yao haitoshi." Akamfelisha.

Jioni ile wifi yake, ambaye hajawahi kupungukiwa na neno, akaja kumpa pole ya aina yake. "Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, wifi yangu. Cherehani yako ipo palepale."

"Guu langu halijavunjika, limeteguka tu," Mama Pindo alimjibu.

Mumewe, fundi bomba mwenye maneno machache, akaweka kikombe chini. "Shida si chuo, mama watoto. Mimi ulinikuta nikijua kufunga kamba za viatu. Siku hizi sijui."

Wakacheka wote, na Mama Pindo akacheka nao. Halafu akaacha. Kifungua mimba wake, mwanamume mzima mwenye ndevu na kazi ya mshahara, alikuwa amesimama mlangoni na shati lililotoka kifungo, akingoja mama amalize chai. Mama Pindo akamtazama mwanawe, akamwona Pengo. Akampa sindano na uzi.

"Shona."

"Mimi?"

"Kwani shati la nani?"

Kwa vile mikono yake hakuiamini, alijivika shingoni futikamba yake ya kupimia nguo, akashika ncha moja mkono huu, nyingine mkono ule, akakaza. Kijana akajichoma, akalalamika, akakishona kifungo pamoja na mfuko. Mama Pindo alitokwa na jasho kuliko mshonaji.

"Mama, hebu ona."

"Naona. Wewe umeona nini?"

"Nimeziba mfuko."

"Sasa utafanyaje?"

Akafumua, akaanza upya. Kifungo kikakaa. Kilipinda, ila kilikaa, na shati akalivaa kazini. Tangu hapo kila mtu nyumba ile alifunga kamba zake mwenyewe, hata mumewe, kwa manung'uniko.

Futikamba ile Mama Pindo akahamia nayo darasani. Watoto wakadhani walimu wote huvaa. Kila mkono ulipomwasha, alikaza ncha, akauliza swali badala ya kushika. Siku nyingine ulimponyoka, ukasawazisha karatasi ya mtu, naye akamwomba mtoto radhi mbele ya wenzake. Ilimuuma kufundishwa upya ukubwani. Lakini aliapa kwamba chuo kile hatatoka kwa mlango wa nyuma.

Ukaguzi wa pili ulipofika, akachagua kazi ileile. Mabinti wa chuoni wakaona amerogwa.

"Shangazi, si ufundishe wimbo tu? Wimbo haukatwi na mkasi!"

"Nilipoangukia ndipo nitakapoinukia," akasema.

Mizani alijibana kwenye kiti cha mtoto nyuma ya darasa. Watoto wakakata, wakabandika, wakamaliza. Pengo akawa wa mwisho. Mkasi ulimkatalia, akaupitisha vibaya, na mkia wa samaki ukadondoka sakafuni. Akainua karatasi, midomo inatetemeka.

"Mwalimu, nifanyie."

Mizani akatazama saa. Waliomaliza walishaanza kusukumana. Kilichobaki ni mkato mmoja ambao Mama Pindo angeukata amefumba macho, na cheo cha mwalimu kilikuwa kinamngoja ng'ambo ya mkato ule. Akaikaza futikamba hadi vidole vikafa ganzi. Akapiga magoti.

"Mkia umekatika kweli. Samaki wako anataka nini sasa?"

Pengo akawaza. Kuwaza kwa mtoto hakuna haraka. Ungeweza kuchemsha chai ukainywa. Mama Pindo akawaanzishia wale wengine wimbo wa kupiga makofi, mwenyewe bado yuko magotini, macho kwa Pengo.

"Anataka kuogelea hivyohivyo," Pengo akaamua. Akakata pezi moja kubwa kuliko samaki mwenyewe, akajipaka gundi hadi viwiko, akambandika kichwa chini.

Kengele ikalia. Maswali mazuri ya kumalizia somo, aliyoyaandaa kwa wiki nzima, hayakuulizwa. Mizani akainuka, akaenda ukutani, akamgeukia Pengo.

"Samaki wako ni yupi, mwanangu?"

Pengo hakutafuta. Alikimbia, akampiga samaki wake kofi la gundi. "Huyu! Mkia wake umeliwa na papa!"

Darasa zima likalipuka. Wangu huyu, wangu yule, mimi bado hujaniuliza! Mizani akangoja zogo lipungue, kisha akamgeukia mwanachuo wake.

"Na wako ni yupi, mwalimu?"

Mama Pindo akautazama ukuta uliotapakaa gundi, na samaki wa watoto, wa mraba na wa vipande viwili.

"Wangu hayupo," akasema.

"Umepita," akasema Mizani, hakuzidisha wala hakupunguza.

Machozi yakamtoka mtu mzima mbele ya watoto, wala hakuyafuta. Pengo alimwangalia, akadhani analilia samaki. Akamletea karatasi na mkasi.

"Usilie, mwalimu. Kata wako mwenyewe," akasema. Akamvua futikamba shingoni, akajivika, akashika ncha zote mbili, akapiga magoti, akangoja.