Nilimpa Tata Mdudu wa Unga

Nilimdanganya baba yangu kwa mdudu mdogo kuliko punje ya mchele. Cheka kwanza, nitakungoja. Hata mimi siku ile nilicheka, mjinga mimi!

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wa hapa Kamina hupanda treni kwenda Lubumbashi. Safari yangu ndefu ni kutoka jikoni hadi kwenye kamba ya nguo. Nilimaliza sekondari, nikabaki na Tata, ndiye baba yangu, mwalimu wa biolojia aliyestaafu, nimtunze. Na nilivyojisifu kwa kumtunza!

Nyuma ya nyumba yetu yalikuwepo maua marefu ya manjano, mbegu yake ililetwa zamani na wamisionari. Tata aliyaita kwa Kifaransa, verge d'or. Ndani ya vishada vyake aliishi kiwavi mdogo aliyekula mbegu, na akikua anakuwa kipepeo wa kijivu, wa kudharaulika. Tata alitaka jambo moja tu kabla hajafa: kujua huyu ni nani.

“Kalikuja pamoja na maua,” alikuwa akiniuliza, “ao ni ka kwetu, kalijifunza kula chakula ya bageni? Kama ni ka kwetu, mwanangu, pengine hakuna muntu alishaka kukapa jina!”

Kumbe vipepeo hawa wadogo hufanana kama watoto wa shule ndani ya sare. Wataalamu huwatofautisha kwa kukagua sehemu za siri za dume. Tata, Mmetodisti wa kweli, neno hilo alinitamkia kwa Kifaransa tu, tena akiangalia ukuta!

Alifuga viwavi kwenye chupa miezi mingi. Wengine wakaliwa na sisimizi, wengine wakakauka. Mmoja tu ndiye aliyetoka na mabawa. Macho ya Tata yalishaingia ukungu, kwa hiyo ni mimi niliyemwambia. Alipiga makofi kama yuko kanisani.

Asubuhi ileile nikafungua kifuniko nipanguse chupa. Mimi na usafi wangu! Kakaruka, kakatua chini, kuku akakameza.

Ningesema. Badala yake niliingia jikoni, nikatikisa mfuko wa unga wa mahindi, nikakamata kipepeo mwingine aliyetoka humo, kimo kilekile, rangi karibu ileile. Kwetu vipepeo wote si ni papiyo tu? Nikamtia chupani.

Tata akaandika kibandiko: Kamina, juu ya verge d'or. Akaweka na jina lake. Kisanduku kikapanda treni kwenda kwa mwanafunzi wake wa zamani, siku hizi mtaalamu wa wadudu huko Lubumbashi.

Jibu lilikuja kwa simu, na mimi ndiye niliyemsomea: “Mwalimu, huyu ni mdudu wa unga, anajulikana dunia nzima. Pengine aliingia chupani kutoka jikoni?”

Tata akasema, “Basi, miye njo nilikosea. Macho imeniisha.”

Jamani, mlango wa kuungama ulikuwa wazi! Mnajua nilijibu nini? “Tata, kula, bukari inapoa.”

Juma lile akaniambia ning'oe maua, nipande muhogo wa majani ya sombe. Nikang'oa. Viwavi walikuwa wakidondoka miguuni pangu, hai, wengi. Nikawachoma pamoja na majani, nikadhani nimemaliza kesi.

Daftari lake hakulifungua tena. Mvua za kwanza zilipoanza, tulimzika. Pasta alimsifu kwa uvumilivu wake, na mimi nikauma pindo la kikwembe changu nisipige yowe. Maua yale sijayaona tena popote hapa mjini. Mdudu wa Tata hana jina hadi leo.

Wewe unayesoma, ukiharibu kitu cha mzee wako, sema siku hiyohiyo. Usimpe kingine kinachofanana! Mwenzako nilimwacha baba yangu aende kaburini na kosa langu mgongoni.

Juzi nilimwambia yote jirani yetu Mama Ngoy, mke wa mtu wa reli. Nikajitetea kwamba niliogopa kumvunja Tata moyo. Yeye aliendelea kutwanga, hata hakuniangalia:

“Angekukasirikia siku mbili tu. Ya tatu angekuita muende kutafuta kengine.”