Mtungi wa Noti ya Kijani

Mashoto hakuwa mtu wa kuchekacheka, na noti mpya ilipotoka hata kile kicheko chake kidogo kilikauka. Jina hilo alibandikwa na majirani kwa sababu ya mkono. Kula alikula kwa kulia, kama mama yake alivyomfunza kwa makofi, lakini udongo aliufinyanga na kuutia nakshi kwa kushoto. Mumewe alikuwa amefariki miaka sita nyuma, akamwachia chumba kimoja, ua wenye tanuri, na wifi.

Wifi huyo, dada wa marehemu, ndiye aliyepeleka mitungi sokoni. Ulimi wake ungemtoa nyoka pangoni. Mashoto afinyange, wifi auze, na nyumba ni ya kina wifi, jambo ambalo hakuchoka kulikumbusha.

"Kaka kafa," alikuwa akisema, "kuta hazijafa."

Asubuhi moja wifi alirudi mbio kutoka sokoni, gazeti kalikumbatia kama hati ya shamba. Noti mpya ya kijani imetangazwa. Mbele ina daraja, nyuma ina mtungi: shingo nyembamba, tumbo limezungushiwa safu tatu za mikato mifupi. Kando yake, picha ya wifi kibandani, meno yote nje, na maneno: mfinyanzi wa mtungi wa noti.

Mashoto akaitazama picha, kisha akamtazama mwenye picha.

"Mtungi huu kafinyanga nani?"

"Wewe nawe! Mwaka jana alikuja mtu wa benki na kamera, akauliza ni kazi ya nani. Nikasema ya kwetu."

"Gazeti halijasema ya kwetu."

"Sasa mimi ndiye ninayeandika gazeti? Na hata wangekuja kwako ungewafukuza. Wewe watu huwapendi."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, ndiyo maana lilichoma.

Mtaa mzima ukaanza kumwita wifi Bibi Noti, naye akaitika. Walimu wakamletea wanafunzi uani, akawaeleza namna anavyolowesha udongo kwa maji ya moto. Maji ya moto! Mashoto alikuwa nyuma ya ukuta akikanda udongo huohuo, akasikia kila neno, akauma meno mpaka taya likamuuma.

Wiki ya tatu alifunga mtungi mmoja kwenye shuka kuukuu, akaenda makao makuu ya benki. Alitumwa dirisha hili, akarudishwa lile, mpaka mlinzi mmoja akachoka kumwona, akampeleka kwa mchoraji wa noti. Alikuwa mzee wa miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani, ameinamia meza ya kioo yenye taa chini yake.

"Mama, ule si mtungi wa mtu," alisema hata kabla shuka halijafunguliwa. "Shingo nimeitoa makumbusho. Tumbo kwenye picha ya sokoni. Vishikio nimeviondoa, kamati ilisema vinafanana na masikio."

"Na mikato?"

"Ya picha ya sokoni."

"Basi tazama imelalia wapi."

Mchoraji akashika lenzi, akainama. Mashoto akachukua penseli yake bila kuomba, akachora mikato kumi kwa mkono wa kushoto. Kisha akamrudishia penseli. "Sasa chora wewe, kwa kulia."

Ya mchoraji ikalalia upande mwingine.

"Wifi yangu ni wa kulia," Mashoto alisema. "Na hajawahi kushika hata udongo wa kuziba shimo la panya."

Mzee akaiweka lenzi mezani. "Ni wako," akasema.

"Andika."

"Siwezi. Noti zimeshachapwa. Nikiandika, nitaulizwa kwa nini sikuuliza mapema."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Niliuliza. Sikuuliza mara ya pili."

Mashoto akafunga mtungi wake. "Wanasema mfinyanzi hulia gaeni," akamwambia. "Hawakusema na gae lenyewe anyang'anywe." Akatoka bila kuaga.

Haukupita mwezi, benki ikamwalika wifi kwenye maonyesho, afinyange mtungi mbele ya wageni. Siku hiyo wifi aliingia uani amekunja mikono ya gauni, sauti imelainika kama uji.

"Wifi yangu, nionyeshe japo kuinua shingo."

"Nikuonyeshe nini, na gazeti limesema unajua?"

"Utaniacha niaibike?"

"Mimi sitakuwepo."

"Nyumba hii ya nani?" Uji ulikuwa umeshaganda.

"Ya kwenu. Kaa nayo. Udongo ni wangu."

Wifi akaenda maonyeshoni na bendeji kwenye kifundo cha mkono, akasema ameteguka. Wakampa pole, wakampigia makofi, wakampa na cheti chenye fremu. Alikitundika juu ya mlango ambao Mashoto alilazimika kuupita kila siku. Aliupita siku nne. Ya tano akahama na udongo wake, akapanga chumba karibu na barabara, akajenga tanuri nyuma yake, akaanza kuuza mwenyewe, ng'ambo ya kibanda cha wifi. Tangu hapo hawajasalimiana. Wifi amepata mfinyanzi mwingine. Mmoja akitema mate, mwenzake naye anatema.

Lililomuudhi Mashoto kuliko yote lilitoka kwa wanunuzi. Mtu anainua mtungi, anatoa noti mfukoni, anaviweka sambamba na kucheka. "Mama, umeiga noti!" Mwanzoni alieleza, wakamsikiliza kama anayedai kutengeneza mwezi. Akajaribu nakshi nyingine, vijiduara. Alipovitazama akaona kama tetekuwanga, akauvunja mtungi kabla haujaingia tanurini. Akarudia mikato yake.

Siku hizi mtu akimwambia kaiga, Mashoto hainui hata uso.

"Ndiyo," anasema. "Unachukua au huchukui?"