Miguu Inayoomba Kibali

Naikumbuka asubuhi moja ya ukungu pale Muyinga, mwanangu, mwaka ule tuliorudi kutoka Tanzania, nilipopitwa mlimani na bibi kizee mwenye dumu la maji kichwani. Mimi nilikuwa nakimbia. Yeye alikuwa anatembea.

Usicheke kwanza. Jezi uliyovaa nimeinunua mimi, yako na za wenzako wote wa timu ya shule, na gari litakalowapeleka Gitega kwenye fainali ya mbio za nyika za shule za nchi nzima ni langu. Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie maneno ya kuwatia moyo. Mimi si mtu wa kalamu. Shule niliiacha njiani, na waliomaliza leo wananipungia mkono barabarani niwape lifti. Lori la kwanza kumilikiwa na mtu wa kilima chetu lilikuwa langu, na sikupewa na baba wala mjomba. Hayo nitayasema mpaka mchoke. Lakini moyo wa kuwatia, kusema kweli, sina. Nina jambo moja tu ninalolijua, na mgeni hukaribishwa kwa kilichomo chunguni.

Nililelewa katika kambi ya wakimbizi. Kambi yetu ilikuwa kwenye tambarare, na mpaka wake tuliujua kuliko tulivyozijua sala. Kwenda kuni ng'ambo ya mpaka kulitaka kibali. Asiye na kibali alikwenda hivyo hivyo, akionwa alikimbia. Hapo ndipo nilipojifunzia mbio, na mzigo wa kuni begani. Amani ilipokuja tukavushwa mpakani Kobero na mabati yetu na kuku wetu, tukarudi kwenye kilima ambacho baba alikuwa akitusimulia kana kwamba ni pepo. Kilikuwa kilima tu. Shamba limegawanywa na ndugu waliobaki, na sehemu yetu ilikuwa kama mkeka.

Shuleni niliwekwa na watoto wadogo kwa sababu ya Kifaransa. Wakaniita Mtanzania. Lakini kwenye mbio hakuna Kifaransa, mwanangu. Niliwashinda shuleni, nikawashinda tarafani, nikashinda Muyinga mjini, mkoa mzima, pekupeku. Ndipo direkta, mkuu wa shule, akanieleza: Gitega kwenye fainali, watatu wa kwanza watachukuliwa na shule ya bweni ya huko, walishwe na wasomeshwe hadi diploma bila mzazi kutoa kitu.

Baba naye alikwisha kusema lake. "Maharage haya yakivunwa, unakwenda Kobero kubeba mizigo. Shamba hili halitoshi vinywa vyetu." Hakusema kwa ubaya. Alisema huku akitazama chini, kama mtu anayeomba radhi kwa udongo. Kwa hiyo njia zilikuwa mbili, mwanangu: niwe mmoja wa wale watatu, au niwe punda wa mpakani.

Sasa yule bibi kizee. Alikuwa bibi yangu mzaa baba, jina lake Kandida, ambaye vita vyote vilimkuta na kumwacha pale pale kilimani. Kila alfajiri alishuka bondeni kisimani. Mimi nilikuwa nikifanya mazoezi kwenye njia hiyo hiyo. Kupanda, hakuna aliyenifikia. Kushuka, nilijiegemeza nyuma, visigino vikachimba ardhi, mikono ikatafuta pa kushika. Ndipo aliponipita, dumu kichwani, magoti yamelegea kama ya mtoto, hata tone halikumwagika. Akasimama mbele yangu akanigeukia.

"Mwana wanje," yaani mwanangu, "unakimbia au unauzuia mlima usianguke?"

Nikamjibu kwa kiburi cha bingwa wa mkoa: "Bibi, mbio ni kupanda. Kushuka hata jiwe linashuka."

"Ego, ndiyo. Ila jiwe haliogopi."

Akatua dumu. Akaniangalia miguu, si uso, kama mtu anayenunua mbuzi. "Hii miguu yako bado inaomba kibali," akasema. "Kila inapokanyaga inauliza kama imeruhusiwa. Hapa ni kwa babu yako. Nani akukataze? Achia."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia, mwanangu, shahidi ni Mungu. Nilijaribu mbele ya macho yake, na nikarudia siku zote zilizobaki. Najiambia achia, na visigino vinachimba. Aliyesikia ni mimi. Miguu haikusikia.

Gitega tulianzia upande wa Yoba. Sijawahi kuona watoto wengi namna ile, kila mkoa na rangi yake. Pembeni yangu alisimama kijana mfupi wa Gishubi, Melkiade, ambaye kwao walishusha ndizi sokoni kwa kichwa tangu akiwa hajaota meno ya pili. Akanichungulia chini.

"We Mtanzania, iko na viatu?"

"Sina."

"Basi tuko sawa. Mi nitakungoja kule chini."

"Utakuja kunikuta huko," nikamwambia, na wenzake wakapiga miluzi.

Njia ilizunguka bonde, ikapanda kilima kirefu, halafu ikateremka moja kwa moja hadi uwanjani, kwenye kamba ya mwisho. Kwenye kupanda niliwaacha wote. Nasema wote. Mabingwa wa mikoa, watoto wa mjini wenye viatu, wote walibaki nyuma wakila vumbi langu. Nilifika kileleni peke yangu. Chini niliuona uwanja, watu wadogo kama siafu, na kamba. Kwa muda wa pumzi chache nilikuwa mwanafunzi wa bweni. Nilikwisha hata kuchagua kitanda.

Kisha ardhi ikainama.

Sina la kueleza zaidi ya hilo. Visigino vilichimba. Nikasikia nyayo nyuma yangu, nyepesi, zinadunda kama mvua ya kwanza kwenye bati. Melkiade akanipita mikono imetanuka kama mwewe, na alipokuwa sambamba nami akapiga kelele: "Achia breki, Mtanzania! Achia!" Nilidhani ananikejeli. Nimelifikiria miaka mingi, na sasa najua kijana yule alikuwa ananisaidia. Neno lake lilikuwa neno la bibi. Akapita wa pili. Karibu kabisa na kamba akapita wa tatu, kitoto chembamba ambacho sikukihesabu hata kidogo.

Sikuanguka. Afadhali ningeanguka. Aliyevunjika mguu huonewa huruma. Mimi nilifika mzima, wa nne, na direkta akaniambia, "Umejitahidi," neno wanaloambiwa waliokwisha.

Nyumbani nilimkuta bibi anachambua maharage. Yale yale ya baba. Nikasema, "Sikuweza, Bibi." Hakunipa pole. Akasema, "Nilikuombea wapate mahali pa tambarare. Lakini Burundi hii wangepapata wapi?" Akasogea nikae, akanimegea sehemu yangu ya kuchambua.

Nikaenda Kobero. Na biashara, mwanangu, nayo ni kupanda, kwa hiyo niliijua. Nilibeba magunia, nikanunua mkokoteni, nikatoka kwenye mkokoteni nikaingia kwenye lori. Wafanyabiashara wa Kikongo waliopitisha mizigo hapo, waliokuwa wakinituma kama mtoto, walikuja kunikodi kama mwenzao. Nikajenga nyumba ya matofali. Nikamvutia bibi bomba la maji hadi mlangoni, la kwanza kilimani, watu wakaja kulitazama, nami nikasema mbele yao wote: "Bibi, kuanzia leo hutashuka tena."

Akanishukuru vizuri, kama mtu mzima anavyoshukuru mbele za watu. Akaketi karibu na bomba. Mvua zikaja, zikapita, magoti yake yakakauka. Siku moja akaniita. "Nipeleke kisimani."

"Bibi, maji si haya hapa?"

"Nimesema maji?"

Nikambeba mgongoni. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Tulipofika pale njia inapoinama, miguu yangu, hii iliyokanyaga mipaka na miji, ikachimba. Nikasimama. Nikajaribu upande upande, kama kaa. Jasho likanitoka ilhali mzigo ulikuwa mwepesi. Kisima tulikiona. Tulikuwa tunasikia hata watoto wanavyorushiana maji. Akanigusa sikio kwa kidole.

"Rudi tu, mwana wanje. Bado inaomba kibali."

Nikarudi naye juu, mbio, maana kurudi ilikuwa kupanda. Hakuniomba tena. Alikufa kabla ya mavuno, ameketi kando ya bomba langu.

Mpanda ngazi hushuka, mmeisoma shuleni. Na mimi sasa nashuka. Mafuta hayapatikani, malori mawili yamesimama Kobero majani yanaota kwenye magurudumu, na vijana wa juzi wananipita mikono imetanuka. Ningekuwa najua, ningeshuka kama bibi, bila kumwaga. Sijui. Na umri huu haufundishiki.

Basi nasaha yangu ni hii, na sina nyingine. Kupanda msinieleze, kila mwenye njaa anapanda. Jifunzeni kushuka mngali wadogo, magoti yakiwa bado yanakunjika. Mfundishwe na mama zenu wanaotoka kisimani, msione haya. Kilima ni chenu, hakuna wa kumwomba ruhusa. Ardhi ikiinama, inameni nayo, achieni.

Nendeni. Mungu awape pumzi za kupandia, na mteremkoni awashike kama mzazi anavyomshika mtoto mkono, bila kumvuta. Imana ibarinde, Mungu awalinde, na wale wanaowangoja nyumbani pia. Siku ya mbio nitakuwapo Gitega. Mtaniona kileleni, pale nilipokuwa wa kwanza. Mkifika hapo msinisalimie, msinisubiri. Piteni.