Ubishi Juu ya Ngumi za Josiah

Reuben hakumpenda Josiah tangu siku aliposhuka kwenye lori pale Garsen, mwaka wa hamsini na nne, amevaa joho jekundu la kung'aa lililotariziwa jina lake mgongoni, na viatu vya rangi mbili. Kwa joto lile, joho! Mtu mzima wa karibu miaka arobaini anapita sokoni kwa kudundadunda, akirusha ngumi hewani mbele ya kina mama waliokaa na ndizi zao. Alijitapa kwamba alikuwa bondia katika Keya, jeshi la Mwingereza, kwamba alipigana na mabingwa wote wa jeshi, na kwamba walimhesabu kuwa mwenzao. Watu wa hotelini wakawa wanampa chai ya bure ili aseme tena.

"Mbwembwe tupu," Reuben alisema. "Huyo hana lolote."

Alikuwa na sababu, tena haikuwa siri. Siku zile feri ya Garsen ilivutwa kwa mikono. Wanaume wanane walishika kamba iliyofungwa ng'ambo hii na ng'ambo ile, wakavuta kwa wimbo mpaka lori likavuka mto. Reuben alikuwa ameivuta kamba hiyo miaka saba. Sasa nyapara wao alikuwa amezeeka, amerudi kwao Wenje, na nyapara hupewa nyumba ya mbao kwenye mwinuko wa ofisi, mahali ambapo Tana haifiki hata ifurike vipi. Nyumba ya Reuben ilikuwa bondeni. Miaka miwili mfululizo mto ulimbomolea kuta ukamchukulia mahindi, na mara ya pili nusura umchukue binti yake, Alice. Mkewe, Asenath, hakuwa na mazungumzo mengine ila nyumba ile ya juu.

Nyapara alichaguliwa na wavuta kamba wenyewe. Hiyo ilikuwa desturi yao. Wakishakubaliana, mwenye miaka mingi kwenye kamba ndiye aliyelipeleka jina ofisini, na karani akaliandika. Reuben alidhani safari hii atalipeleka jina lake mwenyewe. Kumbe wenzake walikuwa wanamnong'ona Josiah, mtu wa juzi, miezi mitatu tu kwenye kamba.

Basi hotelini kukawa hakukaliki. Dado, aliyevuta nyuma ya Reuben, alishikilia kwamba mtu aliyesimama na mabingwa ndiye wa kutangulia mto ukichafuka.

"Alisimama nao wapi?" Reuben akamuuliza. "Mtazame ile pua ilivyokaa upande. Hiyo ni pua ya mtu aliyepiga, au aliyepigwa?"

Watu wakacheka, lakini hawakubadili mawazo. Reuben akapandwa na hasira, akatembea nusu siku mbugani kumtafuta Galgalo, Muorma mfugaji aliyekuwa kikosi kimoja na Josiah. Galgalo hakuwa mtu wa maneno mengi, na hakuna aliyewahi kumshika kwa uongo. Kesho yake akaketi hotelini, Josiah akiwa meza ya pili na joho lake.

"Tuambie, ndugu yangu," Reuben akasema. "Huyu alikuwa nani kati ya mabondia?"

"Hakuwa mtu," Galgalo akajibu. "Mabingwa walijifanyia mazoezi kwake. Asubuhi mmoja, jioni mwingine. Hata mashindanoni hawakumpeleka."

Hoteli nzima ikaangua kicheko. Reuben aliona raha ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Gunia! Mwanamume aliyewanyanyasa miezi mitatu kwa maringo, kumbe gunia la kupigwa. Josiah aliinamisha kichwa akakoroga chai isiyo na sukari.

"Kwa muda gani?" Dado akauliza.

"Miezi minane," Galgalo akasema. "Wengine waliopewa kazi hiyo walitoroka baada ya wiki moja. Yeye kila asubuhi alikuja."

Kicheko kikafifia. Reuben akawatazama wenzake mmoja mmoja, akaona wanachokifikiria, akatamani amrudishe Galgalo mbugani na maneno yake. Kwa mabingwa Josiah hakuwa chochote, hilo lilikwisha. Lakini kwenye kamba hakuna aliyehitaji bingwa. Jioni ile wote walikubaliana, isipokuwa mmoja.

Na huyo mmoja ndiye aliyepaswa kwenda ofisini. Akaenda, wenzake wamesimama mlangoni, na Josiah nyuma yao.

"Jina?" karani akauliza.

"Josiah Komora."

Karani akainua kalamu. Alikuwa amemsikia mtu wa joho. "Yule wa maringo? Mimi nilidhani ni wewe, mzee. Ukiniambia hafai, naandika lako."

Reuben alimdharau Josiah kuliko jana, kwa uongo wake, na kwa chai zote alizokunywa kwa uongo huo. Neno moja tu, na Asenath angehamia juu.

"Ni muongo," akasema. "Lakini amepigwa miezi minane, hakukimbia. Mwandike."

Alipofika nyumbani alimweleza mkewe yote, hata lile neno ambalo hakulisema. Asenath akachukua kikapu, akaenda kuvuna mahindi mabichi kabla mto haujapanda.