Kwa Mama Miiba, kila ua lina mkono wa kubebea

Jua halijakolea. Mama Miiba amevaa miwani ya fundi wa kuchomelea, kisu mkononi, ameinamia kichaka cha maua mekundu chenye miiba kila upande. Anakata tawi. Utomvu mweupe unachuruzika kama maziwa.

"Huu ukikuingia jichoni utamwita mama yako hata kama yuko safarini," anamwambia mteja, baba aliyemaliza kujenga juzijuzi na anataka uzio.

Tawi halipandwi leo. Analiosha na kulilaza kivulini mpaka kidonda kikauke. Wengi hulichomeka bichi, kisha humwagilia asubuhi na jioni. "Linaoza. Linakufa kwa kupendwa," anasema.

Mteja ameupenda mche mrefu uliojaa maua. Mama Miiba anatikisa kichwa.

"Huo juu bibi harusi, chini shina tupu. Mbuzi atapita bila kuinama. Chukua huu mfupi unaotawanyika. Una mtoto mdogo?"

"Anatambaa."

"Basi upande nje ya geti. Ndani ngoja mpaka apate akili."

Mteja ananyanyua kopo na kushangaa. "Mama, mbona yote yana mikono ya waya kama ndoo?"

"Ili nikimbie nayo."

Wapo ambao kusahau kunawafaa, kwa hiyo tuwakumbushe. Miaka tisa iliyopita greda la manispaa lilipita hapa, kando ya ukuta wa karakana, mchana kweupe, bila notisi. Vitalu vya wauzaji wote vilisagwa. Mkubwa mmoja alisema wanaharibu mandhari. Wauza maua, wanaharibu mandhari! Hakuna aliyefidiwa, na pole hatukuisikia.

"Mawaridi yangu yalikwisha," anasema Mama Miiba. "Lakini hii miiba ilikaa kwenye kifusi, juani, haina udongo, haina maji. Niliporudi nikaikuta inachanua. Nikaiambia, kumbe wewe ni mwenzangu."

Tangu hapo ameshikamana na ukoo huo wa mimea yenye maziwa, kuanzia mnyaa wa vijiti vya kijani hadi maua ya miiba ya kila rangi. Kipande kimoja alichookota kwenye kifusi kilimpa zawadi: maua ya rangi ya mtindi, yenye wekundu pembeni. Hajaona mengine kama hayo. Watoto wa mche huo aliwauza wote msimu wa ada za shule. Amebaki mama mtu, kwenye debe, kando ya kigoda chake.

Mwaka huu mama mtu hajachanua. Majani yamegeuka manjano, na mizizi imelipasua debe. Dawa ni ardhi tu. Lakini kilichoko ardhini hakibebeki.

"Wifi, greda likija utaung'oa kwa meno?" dada wa mumewe, anayeuza mbolea meza ya pili, anamuuliza Mama Miiba.

Kilichomtia moyo ni kibali. Mwezi uliopita wauzaji waliketi mlangoni pa ofisi ya manispaa, kila mmoja na kopo lake mapajani, foleni nzima ya miiba, hadi mkubwa akashindwa kuingia bila kuomba njia. Walitoka na ruhusa ya miaka mitatu.

"Kwa watu waliokaa hapa miaka ishirini, hayo ni matusi," anasema Mama Miiba. "Lakini ni matusi yenye muhuri."

Mteja amekwishaondoka na miche yake. Mama Miiba anachukua mkasi wa bati, analichana debe taratibu. Mizizi imejisokota kama uzi uliochezewa na paka. Anaichambua kwa vidole.

"Wifi, lete jembe. Maneno baadaye."

Wifi mtu anachimba huku akinung'unika. "Na wakirudi?"

"Watatukuta."

Mpango wake ni huu: mche ukishika na kutoa matawi, kila muuzaji atapewa lake, bure, alipande mbele ya meza yake, mpaka ukuta wote wa karakana uwe na uzio wa rangi ya mtindi. "Safari hii watupitie kwenye miiba kwanza."

Mche umesimama ardhini, umeinama kidogo. Wifi mtu anaokota ule mkono wa waya wa debe. "Huu nikuwekee, kwa lolote?"

Mama Miiba anaupokea, anaunyoosha kwa goti, kisha anautumia kuufunga mche kwenye kigingi.