Paka Mwenye Sikio la Buluu

Paka wa mama mkwe wangu alipokufa, mimi ndiye niliyeambiwa nimdarizi. Hakuniomba. Alinikuta naosha vyombo, akasema anataka sura ya paka wake kwenye kitambaa, itundikwe ukumbini, na kwa kuwa nilikaa miaka miwili kwa masista wa Ediofe nikijifunza sindano, kazi ni yangu. Nilijibu ndiyo mama, na moyoni nikasema huu ni mtego. Nilikuwa na miezi saba katika nyumba ile ya Arua na bado alikuwa akinipimia sukari kwa kijiko. Mtu asiyekuamini na sukari hakukabidhi paka wake hivi hivi.

Niseme mapema nilichokuwa nakiogopa. Kwetu ni Koboko. Baba alikwisha kufa, mama akaolewa Dranya na mtu mwenye watoto wake, na kama ningerudishwa nisingekuwa na mlango wa kubisha. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, akipita Oraba kwenda Sudan na kurudi baada ya wiki tatu. Nilimpenda, lakini nyumba ilikuwa ya mama yake, na mama yake alikwisha kuniambia wazi kwamba mwenye mkono mrefu hulala kwao. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yangu niliihisi kila nilipoinuka kitandani.

Majirani walinong'ona. Wanawake wa Kinubi wa mtaa wetu walidarizi mashuka ya maharusi, maua juu ya maua, na hakuna aliyewahi kudarizi kitu chenye roho. Mama mkwe aliwajibu kwamba paka hana dhambi na ukuta ni wake. Wakanyamaza, maana alikuwa mtu wa kunyamaziwa.

Mfano niliokuwa nao ni picha ya studio: familia imekaa kwenye viti, paka miguuni, nyeusi na nyeupe. Nilimchora kwenye daftari la hesabu lenye vyumba, kila chumba mshono mmoja wa kupishana, na rangi nikazitoa kichwani. Mgongo wa rangi ya chungwa, milia ya kahawia, kifua cheupe, macho ya kijani. Kuchora kulinichukua siku mbili tu.

Vita ilikuwa kwenye nyuzi. Wahindi walikwisha kuondoka, na waliopewa maduka yao waliuza kilichobaki kwenye rafu wakaishia hapo. Mama mkwe alikuwa na kopo la biskuti lenye nyuzi za tangu ujana wake. Asubuhi ananitolea, jioni anazikusanya, halafu anachukua kitambaa na kupitisha vidole juu yake, mstari kwa mstari, uso ameuelekeza mlangoni kama mtu anayesikiliza redio. Nilijua anafanya nini. Alikuwa anahesabu mishono, aone kama uzi uliotumika unalingana na uzi uliotoka. Mwanzo niliona aibu, baadaye hasira.

Rangi ya chungwa haikuwamo kabisa. Lakini uzi wa kudarizi ni nyuzi sita nyembamba zilizolala pamoja. Unazitenganisha, unatia mbili sindanoni. Mimi nikatia moja nyekundu na moja ya njano. Ukikaribia unaziona zote mbili, ukirudi nyuma hatua tatu unamwona paka. Njano ilipoanza kupungua nikaiweka kwa ajili ya mgongo tu, na ubavuni nikachanganya kahawia na nyeupe. Kifuani nikashona kwa unyuzi mmoja, weupe wa kitambaa unisaidie. Sikumwambia neno. Kusema njano inakwisha ilikuwa ni kujipeleka polisi mwenyewe.

Kisha yakaanza mambo. Siku moja niliomba kahawia, akanipa nyekundu. Nilisimama nayo mkononi nikipiga hesabu: nikinyamaza, kesho nitaambiwa nilijichukulia nyekundu, nikisema, nitaambiwa namfundisha mama mtu mzima. Nikasema, "Mama, hii iko nyekundu." Akaichukua taratibu, akajibu kwamba alitaka kuona kama mimi naangalia. Nikajipongeza. Nilikuwa nimeukwepa mtego wa kwanza, na nikaanza kungoja wa pili.

Kijani cha macho nilimwagiza mume wangu akitafute Kaya, ng'ambo ya Oraba. Wanaume na nyuzi unawajua: alirudi na furushi zima la buluu, amefurahi. Nikashona macho ya buluu. Jioni vidole vilipita juu ya macho yale, na mama mkwe akasema sawa. Paka aliyelala miguuni pake miaka tisa anapewa macho ya buluu, naye anasema sawa! Nikajua anaweka akiba. Anakusanya makosa yangu moja moja, mwanawe akirudi safari ijayo ayamwage yote mezani. Siku tatu chakula kilinishinda.

Siku ya nne hasira ikashinda woga. Nilichukua buluu ile, rangi ya kaptula za shule, nikajaza sikio zima la kushoto. Kama anataka kesi, nilisema, aianze leo, nimechoka kungoja.

Jioni akachukua kitambaa. Vidole vikapanda mgongoni, shingoni, vikafika sikioni, vikazunguka pale mara mbili.

"Sikio imetoka muzuri," akasema. "Iko kama yake kabisa."

Kwetu mke wa mtoto hamtazami mama mkwe machoni. Unaongea naye macho yako yakiwa chini, na miezi saba nilikuwa nimefanya hivyo kwa adabu zote. Jioni ile nilimtazama. Macho yake yalikuwa na utando, kama maziwa yaliyolala. Nikakumbuka anavyotia kidole kikombeni akimimina chai, na uso ule unaoelekea mlangoni, kumbe unatafuta mwanga. Hakuwa akihesabu mishono yangu hata siku moja. Alikuwa akimtafuta paka wake.

Nililia siku ile, kwa kujionea haya zaidi kuliko huruma. Kesho yake nikafumua sikio, na milia, na karibu nusu ya paka, nikaanza upya kwa hesabu nyingine. Kifua unyuzi mmoja, kilale chini. Mgongo nyuzi mbili. Milia nyuzi nne, iinuke. Kingo za masikio nyuzi zote sita bila kuzitenganisha, na masharubu nikayalaza juu ya kitambaa yakiwa uzi mzima. Rangi nikatia niliyoipata. Kwa macho ilikuwa kazi mbovu, na sista aliyenifundisha angenifumulisha yote. Kwa vidole, nilifumba macho nikajaribu mwenyewe, alikuwa paka.

Nilipompa nilikuwa nangoja shukrani. Nilikuwa msichana bado.

Vidole vyake vilianza kifuani, vikapanda, vikakuta mlia wa kwanza vikasimama. Vikaenda wa pili, wa tatu. Vilipofika kwenye masharubu uso wake ulilegea kabisa, nikaona alivyompenda mnyama yule. Halafu ukakaza tena.

"Nani nakuambia?" akauliza.

"Hakuna mutu, mama. Mimi naona mwenyewe."

"Bwana yako najua?"

"Hapana."

Alikunja kitambaa mara nne. Alisema wanawe wakijua watamkalisha kwenye mkeka pembeni na kumlisha kwa mkono, na nyumba itaendeshwa na mtu mwingine, na mtu mwingine huyo anamjua. Nilitaka kuapa kwamba sikuwa na nia hiyo. Hakuningoja.

"Kama nakurudisha Koboko, wewe nasema kwa watu," akasema. "Basi, kaa."

Hivyo ndivyo nilivyopata nafasi yangu katika nyumba ile. Nilibaki kwa sababu aliniogopa, na iliniuma kuliko kufukuzwa. Paka hakutundikwa, alikaa chini ya mto wake. Kila akitaka kutoka aliniita chumbani, akashika nguo ya gurbaba anayotaka kujifunga, akaniuliza rangi yake kwa sauti ya chini. Namwambia. Kisha namsikia uani akimwita jirani, anasema kama mtu anayepiga soga tu, hivi rangi hii inanifaa, wewe unaionaje, mpaka jirani aitaje mwenyewe. Ilikuwa hivyo mwaka mzima. Sikumdanganya hata mara moja, na kila mara alinihakiki.

Asubuhi ya Idi iliyofuata, siku ambayo wanawake wa mji mzima hutazamana nguo, aliniita.

"Hii iko rangi gani?"

Nikasema ni kijani, ina maua ya njano. Akajifunga, akapaka manukato, akatoka. Nilisimama nyuma ya mlango nikingoja. Jirani alikuwa pale pale kwenye ua. Mama mkwe alimsalimia, akauliza habari za watoto, akapita.