Salamu Zangu kwa Mwanaanga

Jamani, acheni nitubu. Shuleni kwetu hapa Eldoret, Mwalimu Chepkoech alitengeneza antena kwa waya na mpini wa ufagio, akapata nafasi watoto waongee kwa redio na mwanaanga anayezunguka dunia. Huyo mama ni kichwa, tusidanganyane. Alituambia chombo cha mwanaanga huyo kitapita juu yetu kwa dakika kumi tu, na watoto kumi walikuwa na swali moja moja.

"Mzee Odhiambo, wewe kama chairman wa shule salimia kidogo tu, halafu watoto," aliniomba.

Nikashika maiki, nikabonyeza kitufe. Sasa, tangu ile vita ya uchaguzi, makabila yalipofukuzana, sisi huku tumejifunza kutoacha mtu nje. Ukitaja huyu umruke yule, jioni kuna maneno. Kwa hivyo nikaanza na maombi. Nikatambua chifu, pasta, wazee wa kijiji cha Ziwa, kina mama wa Sugoi, na majirani waliokimbilia Timboroa wakarudi. Mwalimu alinivuta koti mara mbili. Nikadhani ananipongeza.

Nilipoachilia kitufe, sauti ya mwanaanga ilisikika kwa mbali, kwa Kiingereza cha upole. Alishukuru kwa maombi, akasema sasa yuko juu ya Bahari ya Hindi. Kumbe nikiwa bado Timboroa, mwenzangu alishafika baharini! Kisha akauliza, "Na watoto, wana maswali?"

Redio ikaanza kukwaruza; dakika zetu kumi zilikuwa zimekwisha. Watoto kumi wakanigeukia, kila mmoja na karatasi yake mkononi.